Mama Sahani wa Wodi ya Figo

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kugawa chakula na kukusanya vyombo katika wodi yetu ya figo, Mama Sahani anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Wakubwa wameniomba niandike wasifu wa kuchangamsha. Nitajitahidi, ila kuna siku chache ambazo siwezi kuziruka, na zenyewe hazichangamshi.

Alianza kwa kuosha masufuria jikoni, kisha akakabidhiwa toroli la chakula. Gurudumu lake moja linalia, hivyo wagonjwa humjua kabla hajafika mlangoni. Fundi wa mashine aliwahi kulitia mafuta; Mama Sahani akanuna siku nzima, eti sasa anaingia wodini kama mwizi.

Mwaka juzi tulikuwa na mgonjwa seremala, aliyesafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Mimi ndiye muuguzi niliyempima uzito. Mchana mmoja Mama Sahani alinishika mkono mlangoni.

"Dada, seremala hali. Leo siku ya tano sahani inarudi kama nilivyoipeleka."

"Uzito wake haujapungua hata robo kilo," nikamjibu.

"Basi mtazame mabega."

Nilikwenda ili kumridhisha tu. Nikafungua shati la mgonjwa. Mifupa ya mabega ilikuwa imechomoza, na miguu imejaa maji. Maji yalikuwa yamechukua nafasi ya nyama, na mizani haikujua tofauti. Nikamkumbuka mshonaji nguo tuliyempoteza miezi michache kabla. Naye nilimwandikia kila siku: uzito uleule.

Mke wa seremala aliamini mumewe amekata tamaa. "Anakataa chakula makusudi," alilia. Lakini seremala aliogopa kuliko sote.

"Sikatai," alisema kwa sauti ndogo. "Tumbo ni tupu, lakini nikitia tonge mdomoni najiona nimeshiba hadi kooni. Nina nini mimi?"

Daktari wetu alivuta kiti akaeleza. Mwili una homoni za kuuambia ubongo kuna njaa, na nyingine za kuuambia umeshiba. Figo nzima husaidia kuondoa homoni ya shibe. Zikichoka, homoni hiyo hurundikana kwenye damu, na ubongo huendelea kupokea habari za mlo ambao haukuliwa. Si hilo peke yake, alisema. Uchafu mwingine wa damu nao huua hamu ya kula. Mke akaushika mguu wa mumewe uliovimba. Hofu haikuondoka, ila lawama iliondoka.

Daktari aliongeza saa za mashine ili maji yatoke. Mtaalamu wa lishe alipanga milo midogo sita kwa siku, na Mama Sahani akaipeleka mwenyewe, hata siku yake ya mapumziko. Siku ya kwanza, vijiko viwili. Ya pili, kimoja, tukadhani ndiyo basi. Maji yalipopungua kilo nne, tuliona jinsi mtu wetu alivyokwisha. Nilitoka nje kuvuta pumzi.

Siku ya tisa alikula yai zima. Mama Sahani alikuja mezani kwetu na maganda yake kiganjani, akakaa, akalia.

Seremala yu hai, na bado anakula kwa kujilazimisha. Fomu yetu sasa ina safu ya chakula kilichobaki sahanini, kando ya ile ya uzito, na kila ninapoijaza naogopa. Nilimuuliza Mama Sahani kama hofu hiyo huisha. Akasema, "Mie sijawahi kufunua sahani iliyorudi bila kuogopa."

Asante, dada yetu mkubwa. Kwa miaka yote hii chakula chako umekila kimepoa, baada ya kila mtu. Sasa kaa mezani na wajukuu, upakuliwe wewe kwanza, ule kingali moto. Tunakuombea siku nyingi, njema na tulivu.