Mwendesha Lifti wa Shimo Namba Mbili

Mchungaji, wazee wa mtaa, wafanyakazi wa mgodi, na ninyi nyote mliokesha nasi msibani, mimi ni Chomba, binti wa mwisho wa marehemu, familia imenituma nisome maisha ya baba yetu, Lackson Mulewa, nawaomba mnivumilie.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji cha Chitamba, wilaya ya Kasama, akasoma shule ya misheni pale kijijini kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari kwa miaka mitatu, kisha baba yake alipofariki akamfuata mjomba wake huku Copperbelt, kwenye migodi ya shaba. Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa hapa mgodi wa Chisanga kusukuma mabehewa chini ya ardhi, na mwaka 1988, baada ya mafunzo na mtihani, akapewa kazi ya kuendesha lifti ya Shimo Namba Mbili, akiwa kwenye chumba cha mashine juu ya ardhi, akawa anawashusha watu asubuhi na kuwapandisha jioni hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2016.

Tarehe 5 Agosti 1989 alifunga ndoa na mama yetu, Agness Kangwa, wakajaliwa watoto wanne, Musonda, Kasuba, Nkole na mimi. Ninyi wa Chisanga mnajua kwamba mwendesha lifti hapelekewi habari mbaya akiwa kazini, hata ugomvi wa jirani husubiri zamu yake iishe, ndiyo maana Kasuba alipofariki kwa malaria asubuhi ya tarehe 3 Juni 1996, mama alikaa na mwili wa mwanawe hadi zamu ilipoisha jioni, akampokea baba mlangoni, akampa maji ya kunawa, akamwacha akae kitini, ndipo akamwambia. Mama anasema siku ile aliogopa king'ora cha ajali cha mgodi kuliko alivyoogopa kifo kilichokuwa ndani ya nyumba.

King'ora hicho kililia tarehe 19 Februari 2009. Lifti ilikuwa inashuka na watu thelathini na wanane, umeme ukakatika, breki inayojifunga yenyewe ikashindwa kushika, lifti ikaanza kuongeza mwendo, baba akabaki na breki ya mkono. Hakuikaza yote kwa mara moja, aliikaza kidogo kidogo, lifti ikapunguza mwendo hadi chini kabisa, ikasimama ndani ya maji yanayokusanyika kwenye kina cha shimo, watu wakalowa hadi kiunoni, na mmoja wao, Mzee Sampa, tunayemwita Ba Sampa kwa heshima, akavunjika mguu. Wote walitoka hai. Uchunguzi haukuona kosa la baba, lakini mtaani alipewa jina la Mbatizaji, akipita sokoni vijana wanamuuliza, "Mbatizaji, leo unatuzamisha saa ngapi?" naye anajibu, "Mkishaoga, maana mnanuka," wanacheka, anacheka nao, akifika nyumbani hali chakula. Ba Sampa hakucheka, alisema mbele za watu, "Yule alisinzia, akashtuka tumeshafika majini," na tangu siku ile hawakusalimiana.

Baba alianza kuugua moyo Oktoba 2022, nikaacha shule darasa la kumi na moja ili nimuuguze, na kila siku aliniuliza tulichokuwa tunafundishwa kwenye fizikia. Nilimwambia kwamba kasi ni mwendo ulio nao na upande unakoelekea, na mchapuko ni jinsi kasi hiyo inavyobadilika kila sekunde. Akasema, "Sasa waambie hao wa sokoni. Lifti ikienda kasi ileile, hata iwe kubwa namna gani, watu wanapiga soga, hawasikii kitu. Mwili unasikia badiliko. Inapoanza kushuka tumbo linapanda, inapopunguza mwendo magoti yanalemewa, kwa sababu lifti bado inashuka lakini badiliko linaelekea juu." Akaniambia kwamba kuimaliza kasi ile kwa sekunde moja kungewavunja watu wote wakiwa wamesimama, ila kasi hiyohiyo ikigawanywa kwa sekunde nyingi inakuwa mzigo ambao magoti yanaweza kuubeba, na sekunde zilimwishia kabla lifti haijasimama, ndiyo maana ikafika majini.

Hata hivyo hakutulia. Aliniamsha akiuliza, "Chomba, ningeanza kukaza mapema kidogo?" nami nikamwambia hesabu inaweza kusema lifti ilipaswa kupungua vipi, haiwezi kusema mkono ulisita au haukusita, na anayejua magoti yalivyolemewa ni aliyekuwa ndani. Mara mbili alitutuma kwa Ba Sampa, mara mbili tulirudi peke yetu. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 8 Septemba 2024, baba alifariki hospitalini, mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, majirani mliotupikia ugali wa nshima na kutuletea kuni, kwaya, na wenzake wa zamu waliochimba kaburi tangu jana.

Kwa desturi ya hapa, mwendesha lifti hushushwa kaburini kwa kamba nne na watu aliowashusha mgodini. Kamba tatu zina wenyewe. Ya nne, ya upande wa kichwa, mama alikwenda juzi kumwomba Ba Sampa aishike, akajibiwa, "Mama Musonda, mimi nilishushwa tu, kushusha sijui." Hatukujua kama amekataa. Tunamwona amekaa pale nyuma na fimbo yake, tunamshukuru kwa kuja, na hatujamwita mtu mwingine, kamba iko chini kwenye udongo, tutasubiri.

Baba, ushuke taratibu, ufike, upumzike.