Saa ya Kurudi ya Anselme Delbreil

Wasifu huu unasomwa na shemeji yake, Huguette. Mjane ameukagua mwenyewe na kukataa upunguzwe makali.

Marehemu Anselme Delbreil alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 karibu na mji wa Gramat, mtoto wa tatu wa mzee Firmin na mama Léonie. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, kisha akajifunza ufundi bomba mjini Figeac na kufuzu mwaka 1969. Aliifanya kazi hiyo miaka arobaini na mbili, na wateja walimsifu. Bomba la jikoni kwake linavuja mwaka wa kumi na tisa sasa.

Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na dada yangu, Solange. Hakumwambia kwamba kila Jumapili angepiga mbizi kwenye chemchemi na kufuata mapango yaliyojaa maji chini ya mashamba yetu, akifunga kamba ya kumwongoza kurudi. Alitaka kujua maji yanatoka wapi. Sisi wengine tuliyanywa tu.

Kila alipoondoka alibandika karatasi kwenye friji: chemchemi gani, na saa ya kurudi. Saa ikipita bila simu, Solange aite waokoaji. Tarehe 22 Agosti 1993 karatasi ilisema saa kumi jioni. Saa kumi kamili akawaita. Walikuja ishirini na sita, wawili wakaingia majini. Solange naye alikuwa njiani kwenda huko alipoona gari la mumewe nje ya mgahawa. Alimkuta ameshamaliza sahani ya nyama ya bata, anachora ramani ya pango kwenye karatasi iliyotandikwa mezani.

"Anselme! Watu wako majini wanatafuta maiti yako, wewe umekaa unachora?"

"Ngoja kidogo, mama Mireille, nimalizie kona hii nisije nikaisahau."

"Kona hutaki kuisahau. Na simu je?"

Hakusemeshwa wiki tatu. Tangu hapo alipiga simu akiwa bado anachuruzika maji, akasema neno moja: "Nimetoka."

Mwaka 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Hakuwahi kuvuta sigara hata moja, na hilo lilimuudhi Solange kupita kiasi. Tarehe 17 Oktoba 2023, akienda kulazwa hospitalini Cahors, alibandika karatasi kama kawaida. Solange hakuthubutu kuisoma. Anselme alifariki tarehe 3 Novemba, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Ndipo Solange, aliporudi nyumbani, akaisoma. Mahali: Cahors. Saa ya kurudi: hakuandika kitu. Chini yake: "Usimsumbue mtu. Kula." Solange anasema ana hasira mno, chakula hakipiti.

Ameacha mjane, watoto wawili, Mireille na Florent, wajukuu watatu, kamba ya mita elfu mbili na mia moja chini ya miguu yetu, na bomba ambalo bado linavuja.

Apumzike kwa amani huko alikokwenda. Na akifika, apige simu.