Mvinyo Ulioitwa Siki

Fundi cherehani alipakata furushi la mapazia, masikio yake kayaelekeza kiti cha mbele. Basi lilikuwa linachemka kwa joto, na yeye hakuwa na kazi nyingine.

"Mwanangu, usiudharau mvinyo huo kwa sababu ni wa bei rahisi," mzee mwenye sare ya mhudumu wa hoteli alimwambia mama aliyekaa naye, akiitazama chupa iliyokuwa mapajani mwa mama huyo. "Uweke kwenye friji mpaka chupa itoke jasho, halafu tia barafu. Kwa joto hili, ukali wake hutausikia."

Mzee hakuwa ameulizwa na mtu, fundi alijisemea.

"Sijaudharau mimi," mama alijibu. "Mume wangu ndiye aliyekuwa akiuita siki. Miaka tisa nikamnunulia wa bei mbaya, vidole vyangu vinachungulia nje ya viatu. Jana nimepita nyumbani kwa huyo mwanamke aliyemchukua. Nimemwona barazani, kifua wazi, anakunywa huuhuu na barafu, anausifu. Nimeununua nionje anachokisifu."

"Usimlaumu sana. Jua likiwaka, mwanamume hutaka kitu chepesi. Ni joto tu hilo, mwanangu."

Fundi angemkanyaga mzee mguu, kama angeufikia.

Basi likafunga breki. Mama alisimama, akamwekea mzee chupa mapajani. Ilikuwa ya moto kama chai.

"Hata kwangu joto lilikuwepo, baba," alisema, akashuka.