Mguu Gani?

Nje ya karakana ya kuchomelea vyuma pana benchi, na kahawa ya asubuhi hunywewa hapo kabla mashine hazijawashwa. Wenyewe ni watatu: Mchomeleaji mwenye karakana, Kinyozi wa mlango wa pili, na fundi baiskeli wanayemwita Profesa, kwa kuwa hajawahi kukosa jibu. Siku hiyo Mchomeleaji, glovu tayari mikononi, alishika kikombe tu, hanywi.

— Binti yangu analia miguu, wiki ya tatu sasa. Mama yake akimkanda kwa kitambaa cha moto, analala. Kukicha, kilio tena.

— Anarefuka huyo, Kinyozi akasema. Wangu alikuwa hivyo hivyo. Usiku analia, asubuhi anaruka kama swala.

— Wangu haruki.

— Mifupa inakwenda mbio, nyama inabaki nyuma, Profesa akadakia. Samaki mkunje angali mbichi! Mkunje magoti kila asubuhi.

— Methali hiyo ya malezi, bwana, Kinyozi akasema.

— Kwani magoti hayalelewi? Tena mna sakafu ya saruji, inanyonya urefu. Na mwezi je? Unavuta bahari nzima, utashindwa na mfupa wa mtoto wa miaka saba?

Kinyozi alicheka mpaka kahawa ikampalia. Mchomeleaji naye akacheka, maana kucheka kulikuwa kwepesi kuliko kukumbuka. Juzi alimfokea mtoto, kwamba anadeka.

Mama mmoja mgeni, aliyeleta geti lake bovu, alikuwa amesimama pembeni.

— Samahani, baba. Mguu gani?

— Miguu.

— Yote miwili, au mmoja?

— Sijamuuliza, Mchomeleaji akasema. Kinyozi akainamia kikombe chake. Hata Profesa akamgeukia yule mama.

— Maumivu ya kukua hushika yote miwili, jioni, asubuhi yameisha, yule mama akasema taratibu. Kama ni mmoja, au anachechemea, usingoje.

Mchomeleaji hakuwasha mashine; alifika nyumbani glovu zikiwa bado mikononi. Binti alikuwa ameketi kizingitini. Baba akapiga magoti mbele yake.

— Mama, unaumwa wapi?

Mtoto akagusa mguu wa kushoto, chini kidogo ya goti. Baba akavua glovu, akapapasa: palikuwa pamevimba, pana joto.

— Na huu mwingine?

— Huo hauumi, baba. Haujawahi kuuma.

Akambeba, akashika njia ya hospitali. Mtoto alikuwa mwepesi mno. Baba hakukumbuka ni lini alimbeba mara ya mwisho.