Upanga Uliokaa Hewani Jumapili Tano

Mheshimiwa Meya, Baba Paroko, ndugu wageni waalikwa, na wewe Don Gaspare Tringali, unayestaafu leo baada ya miaka arobaini na mmoja ya kughani tenzi na kuchezesha vikaragosi vya mashujaa:

Mimi Rosaria, mpiga kinanda wako, nimepewa dakika tano. Ningekuwa wewe, zingeisha kabla sijamaliza salamu.

Nani hapa hajui mwendo wako? Farasi wa shujaa Ardelio aliinua ukwato Pasaka, akaushusha wakati wa kuvuna zabibu. Turi Cannizzo, muuza nyama, akasimama akapaza sauti: "Mzee, huyo farasi ana jongo? Mlete buchani nimpumzishe!" Nawe, bila kugeuka: "Kaa chini, Turi. Mwisho wa utenzi Ardelio anakufa. Una haraka gani?"

Turi akakaa. Mwaka jana moyo ukamsumbua, akapelekwa hospitali ya Catania kupasuliwa. Akiwa kwenye machela alimwambia mkewe: "Mwambie Gaspare asimuue Ardelio kabla sijarudi."

Na jukwaani, jitu, adui wa Ardelio, lilikuwa limeshainua upanga, Ardelio amepiga goti! Ulifanyaje, Don Gaspare? Uliuacha juu. Ukaghani beti mia mbili za ncha ya upanga. Jumapili ya pili, za inzi aliyetua kwenye ncha. Ya tatu, za mama yake inzi na ukoo wao wote. Mikono ilipokuchoka, tulilifunga jitu kwa kamba darini. Je, kuna aliyeondoka? Jirani yetu Donna Pippina alileta mto, akamwekea Ardelio shingoni. Baba Paroko, wewe uliomba ukoo wa inzi ufupishwe. Usitikise kichwa, nilikuwepo.

Jumapili ya tano Turi akaingia, amekonda, ameshikwa na mkewe. Akaketi taratibu, akasema: "Haya. Mpige."

Upanga ukashuka. Ukakosa! Ukapasua mto, manyoya yakatujaa puani.

"Jumapili tano," Turi akafoka, machozi yakimtiririka, "halafu unakosa?"

"Mkono wa jitu umekufa ganzi, Turi. Itabidi linyanyue tena."

Ndugu zangu, halijamaliza kunyanyua hadi leo. Don Gaspare, unastaafu bila kumuua Ardelio. Turi, yule pale safu ya mbele, ameniomba nikushukuru kwa niaba yake, kwa sababu yeye akianza tu, sauti inamkatika.

Asanteni kwa masikio yenu na subira yenu. Sasa tukale.