Zamu ya Kusoma Neno: Historia ya Mwalimu Ambakisye Yesaya Kibona

Wachungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa kijiji, ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Ihanda kutoka Ileje, Mlowo, Tunduma na ng'ambo ya mpaka, tunawasalimu katika jina la Bwana. Historia hii imeandikwa kwa herufi kubwa na Atupele, binti wa mwisho wa marehemu, na inasomwa na mama Tukuswiga Simbeye, jirani, kwa agizo la marehemu mwenyewe, ambaye aliagiza pia kwamba msomaji akisita asiharakishwe wala asisaidiwe, na sababu yake mtaisikia humu humu.

Mwalimu Ambakisye alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika milima ya Ileje, mtoto wa tatu wa mzee Yesaya Kibona na mama Ruti, wakulima na watu wa kanisa. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1959 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1966, na kwa jinsi alivyosoma upesi bila kukosea, mchungaji alizoea kumsimamisha juu ya kigoda ibadani asome somo la siku, sifa ambayo, tuseme ukweli, haikumtoka kichwani kwa miaka hamsini.

Alipata mafunzo ya ualimu mwaka 1969 na 1970, akafundisha Chitete, kisha Mlowo, na hatimaye hapa Ihanda, hadi alipostaafu mwezi Machi 2011, na wengi mliokaa hapa leo mmepita mikononi mwake na fimbo yake mnaikumbuka. Tarehe 27 Desemba 1975 alifunga ndoa na mama Dina, wakajaliwa watoto watano, ambao ni Osea, Tumpale aliyetutangulia akiwa mchanga mwaka 1984, Lusungu, Samwel na Atupele, pamoja na wajukuu kumi na mmoja.

Mwaka 1988 alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa jumuiya yetu, ambayo hukutana kila Jumatano jioni, nyumba kwa nyumba, na desturi yake mnaijua, kwamba mwenye nyumba ndiye anayesoma Neno, awe tajiri au maskini. Marehemu aliilinda desturi hiyo kwa ukali, lakini Jumatano ya tarehe 16 Agosti 2006 aliivunja yeye mwenyewe. Ilikuwa zamu ya mama Tukuswiga, mjane ambaye hakuwahi kukaa darasani utotoni, aliyejifunza kusoma ukubwani katika darasa la kanisa, na jioni ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma mbele za watu, akifuata kila silabi kwa kidole. Alipofika mstari wa pili, marehemu alinyoosha mkono, akasema, "Lete, mama, jua linakwenda," akaichukua Biblia na kuimaliza sura yote kwa dakika mbili.

Mama Tukuswiga aliomba aya hiyo ya historia hii ifutwe, familia ikakataa, kwa sababu marehemu alikataza isifutwe.

Tangu siku hiyo, kila zamu ilipomwangukia, mama huyu alimpa marehemu Biblia kabla hata wimbo wa kwanza haujaisha, naye kwa miaka kumi na moja akadhani anaheshimiwa.

Tarehe 9 Juni 2017, akigeuza kahawa kwenye chanja uani, marehemu alianguka kwa kiharusi kilichomlegeza upande wote wa kulia na kuuchukua ulimi wake, akatoka hospitali baada ya wiki tatu akiwa hawezi kufunga kifungo cha shati wala kutamka jina la mkewe. Kilichomuuma zaidi hakikuwa mkono, kilikuwa aibu, kwani mtu aliyejulikana kwa kusali sala ndefu kama hotuba ya kikao cha wazazi sasa hakuweza hata kusema amina, na alianza kuamini kwamba Mungu hana kazi tena na mtu asiyeweza kusema. Jumuiya ilipokuja kumwona, alimwonyesha mama Dina kwa mkono awaambie amelala, na kwa miezi saba zamu ya nyumba hii ikarukwa, mlango ukiwa umefungwa na marehemu yu macho nyuma yake. Mama Dina anasema miezi ile aliogopa kwamba mumewe angepoteza imani kabla ya kupoteza uhai.

Jumatano ya tarehe 17 Januari 2018 mama Tukuswiga alikuja peke yake, akaingia kwa mlango wa jikoni bila kungoja kukaribishwa, akaketi karibu na kitanda na kufungua Biblia, akasema, "Mwalimu, mimi nasoma polepole, na wewe siku hizi huna pa kukimbilia." Akasoma nusu sura kwa muda ambao chungu cha maharage kingeiva, na marehemu akalia machozi tangu mwanzo hadi mwisho. Jumatano iliyofuata akarudi, akaukamata mkono wa marehemu, akaweka kidole chake juu ya silabi, wakaitamka pamoja.

Wasidhani wasikilizaji kwamba tangu hapo alikuwa malaika, maana mwaka 2019 alirusha kikombe cha uji kwa hasira ya kulishwa, na fimbo ya kutembelea aliitupa shambani mara mbili, kisha kila mara akatuma aitwe aliyekosewa ili amshike mkono. Ila Jumatano ya tarehe 10 Oktoba 2018 mlango huu ulifunguliwa, na yeye kama mwenye nyumba akasoma mistari mitatu kwa robo saa nzima, jasho likimtoka, na hakuna aliyenyoosha mkono kuichukua Biblia. Alipomaliza alimgeukia mama Tukuswiga akasema, "Mama, nilikunyang'anya. Nisamehe." Yalikuwa maneno matatu tu, naye alikuwa ameyafanyia mazoezi mwezi mzima.

Miaka iliyobaki sala yake ilikuwa moja, asubuhi akifungwa vifungo na jioni akifunguliwa, "Bwana, nishike," na alimwambia Atupele kwamba hiyo ndiyo sala ya kwanza katika maisha yake aliyoisali bila kujisikiliza.

Mwezi Septemba mwaka huu wa 2025 kiharusi kilirudi, na tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi, alifariki dunia nyumbani, akiwa na umri wa miaka 74. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, wana jumuiya, na majirani waliombeba, kumwogesha na kumngoja amalize sentensi zake.

Chini ya mto wake kulikuwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono wa kushoto, yenye mistari miwili: "Historia yangu asome Tukuswiga. Ni zamu yake, niliichukua mwaka 2006."

Zamu imerudi, Mwalimu, na imesomwa hadi mwisho. Pumzika sasa kwa amani ya Bwana, hakuna tena wa kukuharakisha.