Mkono Niliounyoosha Baharini

Haya, ndugu zangu. Mama mwenyekiti amenipa dakika kumi, na wote mnamjua, ya kumi na moja atanikalisha. Mkinisikia najichanganya, msidhani ni woga wa kusimama mbele za watu. Nimechanganyikiwa kweli, na hicho ndicho nilichokuja kuwasimulia.

Wengi mnanijua kama yule bwana wa Carrollton anayehudumia wazee. Kabla ya hapo, huko nyumbani, nilikuwa askari wa majini. Boti yetu ilikuwa na kazi moja tu: ndege ya jeshi ikianguka baharini, sisi tunakimbia kuwatoa watu. Kila mtu ndani ya boti ana kazi yake. Yangu ilikuwa kuonyesha. Ukishaona kichwa cha mtu majini, unakinyooshea mkono na huondoi macho mpaka boti imfikie mtu yule. Hufuti jasho, na ukiitwa hujibu. Nahodha hatazami maji, anatazama mkono wako. Kichwa cha mtu katikati ya mawimbi ni kidogo kama nazi, ukigeuka kidogo umekipoteza.

Sasa, siku moja ikaanguka ndege ya mafunzo. Ndani walikuwamo wawili, mwalimu na mwanafunzi wake. Tulifika, nikaona kichwa, nikanyoosha mkono, boti ilipomfikia nikaruka kumfunga kamba, tukamtoa mwalimu akiwa hai. Mwanafunzi hakupatikana, si siku ile wala baadaye. Wakubwa waliponihoji nikasema niliona kichwa kimoja. Nikasaini.

Ndugu zangu, nawaambia leo, sijui kama kilikuwa kimoja. Kuna siku nakumbuka viwili. Naona cha kwanza kushoto, halafu mkono wangu unahama kwenda kulia, kwa aliye karibu zaidi. Kuna siku nakumbuka bahari tupu na kichwa kimoja tu, na roho yangu inatulia. Kama nilihamisha mkono, basi nilimwacha kijana wa watu afe, kisha nikadanganya kwa saini yangu. Kama sikuhamisha, nilifanya kazi yangu. Nilitaka kujua hilo tu.

Nilipokuja Marekani nikajiambia nimeliacha huko. Nikaoa, nikapata binti, nikapata kazi. Halafu mwaka 2017 kikaja kimbunga, maji yakaingia Houston. Rafiki yangu mmoja, Mkenya, ana kiboti cha kuvulia samaki ziwani. Akanipigia: "Si wewe ulikuwa navy? Twende basi, watu wanazama huko." Tuka-drive tukikivuta nyuma ya gari mpaka upande wa Sugar Land, pembeni ya Houston, tukakuta mtaa mzima ni maji. Yeye akashika injini, mimi nikakaa mbele.

Nikamwona mzee mmoja juu ya paa la gari lake. Nikanyoosha mkono, mwili wenyewe ukafanya. Hapo hapo, upande wa pili, karibu kabisa, nikamwona mama ameshikilia nguzo ya kibaraza, maji yako kifuani na mikono imeanza kumlegea. Rafiki yangu hakumwona. Ananiuliza, "Ni huyo tu? Kuna mwingine?" Sikujibu. Kanuni inasema usijibu, na mimi, mtu mzima, nikaitii kanuni ya jeshi katikati ya mtaa wenye vibao vya nyumba zinazouzwa. Mkono umeganda kwa mzee, machozi yananitoka, mdomo haufunguki. Yule mama akapiga kelele, ndiyo rafiki yangu akageuza boti. Tulimtoa. Mzee alichukuliwa na boti nyingine. Hakufa mtu, tena tulipofika nchi kavu tukapigiwa makofi na kupewa piza. Nilikula vipande vitatu na sikusikia ladha yoyote.

Nikarudi kazini. Kwenye nyumba za wazee, mgonjwa akibonyeza kengele, taa inawaka juu ya mlango wake. Wewe dada hapo mbele unatabasamu, unaijua kazi hiyo. Zikiwaka mbili kwa pamoja, mimi nasimama katikati ya korido. Nasimama tu. Msimamizi alinivumilia mara mbili, ya tatu akanirudisha nyumbani moja kwa moja.

Nikawa nashinda ndani ya gari, pale maegesho ya apatimenti zetu. Binti yangu anakuja kugonga kioo, "Dad, are you coming in?" Namjibu nakuja. Siendi. Mke wangu ni nesi, alikuwa anaongeza shifti ili tule. Siku moja akaja akakaa kiti cha pembeni, na sare yake ya kazi bado mwilini. Akasema, "Mume wangu, nashinda na wagonjwa saa kumi na mbili kwa siku, na wote wananiambia wanaumwa wapi. Wewe husemi. Sema leo, au mimi na mtoto tunakwenda kwa dada yangu." Nikakaa kimya. Akaenda. Sikumlaumu, na siku ile nilijiona mjinga kuliko siku zote za maisha yangu.

Ndipo nikaanza kuja huku Vickery Meadow, kwenye hiki kikundi chetu cha Jumamosi. Niliwapigia hadithi hii nusunusu miezi mitatu, mkanivumilia. Mpaka mama mmoja wa Kikongo, yupo hapa leo, simtaji, akaweka kikombe chake chini akauliza, "Huyo mwalimu, alikufaka?" Nikamwambia hapana, yu hai. Akasema, "Sasa unatuuliza sisi juu ya nini? Muulize yeye." Nilimkasirikia wiki nzima. Nilimkasirikia kwa sababu alisema kweli.

Nahodha wetu wa zamani akanipa namba. Mwalimu siku hizi anafuga kuku, nilikuwa nawasikia nyuma yake.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni yule wa kwenye boti. Aliyenyoosha mkono."

Nikasikia mlango wa banda ukifungwa. Halafu akasema, "Nimeingoja simu yako miaka mingi. Nilidhani utanipigia kunishitaki."

"Kwa lipi, afande?"

"Kijana nilikuwa nimemshika mkanda. Nikamwachia."

"Kabla hatujafika, au baada?"

"Hapo ndipo sipajui," akasema. "Siku nyingine ni kabla, mikono imekufa ganzi kwa kushika. Siku nyingine nimeiona boti kwanza, nikajua mimi napona, ndiyo nikaachia."

Nami nikamwambia yangu. Basi tukabishana karibu saa nzima, kila mmoja akitaka kosa liwe lake. Nilitaka anipe jibu, akanipa swali la pili. Lakini nilipokata simu, bado nimo ndani ya gari, nikaliwasha, nikaenda kwa shemeji yangu, nikamwambia mke wangu kila kitu, na yale nisiyoyajua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekula. Baada ya wiki mbili walirudi nyumbani.

Kazi nimepata pengine. Vichwa bado naviona, mara kimoja, mara viwili. Namshukuru mke wangu, namshukuru rafiki yangu mwenye boti ambaye hajawahi kunicheka, nawashukuru ninyi kwa masikio yenu na chai yenu. Na kama kuna swali linakutafuna, na mwenye kuulizwa bado anapumua, mpigie. Jibu siwaahidi, maana mimi sikulipata.

Jambo la mwisho, mama mwenyekiti, nakuona. Mama wa yule kijana yupo hai. Mwezi uliopita mwalimu na mimi tulimpigia, sote watatu kwenye simu moja. Tulikuwa tumekubaliana tusimpambie maneno. Tukamweleza yote, mkanda na mkono, na kwamba hatujui. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Mwanangu, hayo maji yalikuwa ya baridi?"

Mimi ndiye niliyeruka majini kumfunga mwalimu kamba. Yalinifika shingoni, na hilo nalijua.

"Hapana, mama. Yalikuwa ya vuguvugu."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mama."

Tukamsikia anavuta pumzi. Akasema, "Afadhali. Maana huyo baridi alikuwa haiwezi, tangu mdogo."